Uvimbe Mdogo wa Evangelina

Jovitus wa Kiruruma alikuwa mtu wa kutangulia. Tangu baba yao afariki, hakuna aliyenawa mikono mezani kabla yake, na yeye mwenyewe hakuona ajabu yoyote.

Dada yao Placidia alianguka shambani akafa siku hiyo hiyo, mshipa umepasuka kichwani. Daktari akataka ndugu waliobaki wapigwe picha, maana tatizo hilo hutembea ndani ya ukoo. Walibaki wawili tu: Jovitus na mdogo wake Evangelina, mjane aliyeishi Kimuli, kule Kyerwa. Wakaenda Mwanza. Picha zikaonyesha kila mmoja ana mshipa wa damu uliotuna ndani ya kichwa. Wa Jovitus milimita kumi na moja, wa Evangelina sita.

Kumi na moja! Basi, wenyewe wakaona wa kutangulia ameshajulikana. Baada ya wiki tatu hospitali ikapiga simu: daktari wa upasuaji yupo kuanzia Jumatatu, waje wote wawili, ataanza na mmoja. Kikao cha ukoo hakikumaliza hata chai. Mwenye uvimbe mkubwa ndiye mkubwa kwa umri, sasa wajadili nini tena? Evangelina akaambiwa asubiri zamu yake nyumbani. Akasema, "Sawa, kaka," akarudi jikoni kumenya ndizi.

Jumatatu hospitalini, Dokta Rukia, daktari huyo wa upasuaji, alimtazama Jovitus akiingia peke yake.

"Shikamoo, mzee. Mdogo wako yuko wapi?"

"Marahaba. Nimetangulia mimi. Wangu ndio mkubwa."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee, hatuangalii ukubwa peke yake. Tunaangalia na mahali. Wako uko nyuma ya jicho, umezungukwa na mfupa na utando mgumu, kama mpira wa baiskeli uliotuna ndani ya tairi. Huo tutaupima kila mwaka, tuone. Wa mdogo wako uko nyuma kabisa, pale mshipa unapogawanyika. Damu inaupiga moja kwa moja na hakuna cha kuushikilia. Pale huwa unakua haraka, na unaweza kupasuka ukiwa mdogo vilevile. Nilitaka kuanza na yeye."

Jovitus alitoa simu akampigia mdogo wake.

"Eva, kaa chini kwanza. Wa hatari ni wako."

"Najua, kaka. Daktari aliniambia siku ile, wewe ukiwa chumba cha picha."

"Ulijua? Ukanyamaza?"

"Sasa ningesimamaje mbele ya ukoo niseme nikutangulie wewe?"

Alitaka kumgombeza. Wa kugombezwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na daktari alikuwa anamwangalia.

"Panda basi la kesho alfajiri," alisema. "Usinijibu. Kaka yako ndiye anayesema."

"Ndiyo, kaka."

Jovitus alidhani mdogo wake amekata simu. Kumbe alikuwa analia.

"Kila nikiinama jikoni nasema ndio leo," Evangelina alisema. "Nimeogopa, kaka. Nimeogopa sana."

Miaka hamsini na minane ya undugu wao, hakuwahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Wala yeye hakuwahi kumuuliza.