Pembe za Shuka

Waliokuwapo sebuleni alasiri ile walikuwa wanne: mama mkwe kwenye kiti cha plastiki; mwanawe, dereva wa kiwanda cha udobi; tajiri mwenye kiwanda; na mpiga pasi mwenyewe, mke wa dereva, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama mgeni asiyezoeleka.

Tajiri alikuja na mkate na sauti ya upole. "Bwana wa ofisi ya kazi atafika kesho," alisema. "Dada yangu, ukirudia yale uliyosema hospitali, mambo yataisha. Mimi nitakuweka kwenye kazi ya kukunja nguo."

Hospitali, mpiga pasi alikuwa amesema kwamba ameungua nyumbani, kwa pasi yake. Hakuna aliyemlazimisha. Tajiri alimbeba mikononi hadi kwenye gari, akampepea kwa kofia yake njia nzima. Na daktari alipouliza, tajiri akainamisha uso. Angewezaje kumwaibisha mtu ambaye jasho lake lilikuwa bado limelowanisha bega la gauni alilovaa yeye? Uungwana ulimtoka mdomoni kabla ya ukweli. Tangu hapo, ukweli ulikuwa umemkaa kooni.

Mashine ya kupigia pasi kiwandani ilitaka vitufe viwili vibonyezwe pamoja, mikono yote miwili, ndipo mfuniko wa moto ushuke. Lakini kitufe kimoja kilibanwa siku zote kwa kibanio cha nguo, ili mkono mmoja ubaki huru kunyoosha kola. Kibanio hicho wafanyakazi walikiita Shemeji, maana kilisaidia bila kuitwa. Tajiri alicheka nao, akasifu kasi yao.

"Huyu mwanangu anaendesha gari lako," mama mkwe alisema. "Hilo nalo tulisikie."

"Mama, mimi sijataja gari," tajiri alisema.

"Ndiyo maana nimelitaja mimi."

Tajiri aliutazama mkate wake.

Mpiga pasi aliinuka, akaanua shuka iliyokuwa kwenye kamba ya dirishani, akampa mumewe pembe mbili. Tangu waoane walikunja hivyo, wakisogeleana na kuachana bila kuhitaji maneno. Pembe ya kushoto aliishika. Ya kulia iliteleza kati ya vidole visivyokutana, ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena.

"Kukunja kupi, bwana?" aliuliza taratibu.

Tajiri aliigeuzageuza kofia yake mikononi.

"Ulinipepea, na sitasahau. Laiti ningekushukuru kwa kitu kingine, si kwa mkono huu."

Kisha akawageukia wote, mmoja baada ya mwingine, na mumewe akawa wa mwisho.

"Kesho nitamwambia yule bwana kwamba niliungulia kazini, kwenye mashine yenye kibanio. Na nitadai fidia yangu."

Funguo za gari la kiwanda zilimning'inia dereva kiunoni. Pembe zake mbili za shuka alikuwa bado amezishika.