Severa Achagua Ndege

Severa alitoka Posta akitembea, akafika Mnazi Mmoja akikimbia. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu uliopita, barabara ya Uhuru imejaa madimbwi, naye aliyakanyaga yote. Mkononi alikuwa na barua mbili. Alikuwa amezisoma pale pale mbele ya masanduku ya barua, akacheka peke yake mpaka bawabu akamwuliza kama ameshinda bahati nasibu.

"Zaidi ya hapo," alimjibu. "Nimepata kazi mbili siku moja!"

Ilikuwa Aprili 1978. Severa alikuwa na miaka ishirini na tatu, na miezi miwili nyuma alikuwa amerudi kutoka Addis Ababa na leseni ya urubani. Alirudi wakati mgumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka uliopita, marubani waliokuwa Nairobi wamerudi nyumbani na maelfu ya saa za kuruka, na yeye alikuwa na saa mia mbili na kumi. Kwa hiyo aliandika kwa kampuni ndogo, moja baada ya nyingine, akangoja. Sasa mbili zilikuwa zimemjibu, na zote zilitaka jibu kabla ya Ijumaa mchana.

Baba yake, Mzee Theophil, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Mkunguni, Kariakoo. Miezi ile rangi na misumari ilikuwa adimu, rafu zimebaki na kufuli na bawaba, lakini watu hawakukosa dukani kwa sababu mzee alipenda mazungumzo. Barazani alikaa fundi Nassibu, mshonaji kutoka Lindi, na cherehani yake.

"Shikamoo fundi! Shikamoo Baba! Someni!"

Mzee Theophil alivaa miwani, akasoma barua ya kwanza kwa sauti ya kanisani. Ilitoka kampuni ya Mrima, yenye ndege tatu za injini mbili, abiria arobaini kila moja, zinazokwenda Tanga, Zanzibar na Moshi. Alipofika neno Moshi alisimama.

"Moshi! Mwanangu ashuke Moshi na kofia ya urubani kichwani! Kwetu Kibosho wote watajaa uwanjani, na padri nitamleta mwenyewe."

"Na ya pili, Mangi?" Nassibu aliuliza; Mangi, chifu wa Kichaga, ndilo jina alilompa mzee kwa utani.

Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, imepigwa kwa mashine ambayo herufi yake ya *a* ilikuwa imekatika. Ilitoka Ndege za Kusini. Walikuwa na ndege mbili, injini moja moja, viti sita. Walipeleka barua, dawa, walimu na wagonjwa Mafia, Kilwa, Liwale, Nachingwea, mpaka Mtwara. Barua iliishia hivi: *Njoo Jumatano asubuhi utuone. Usivae viatu vizuri.*

Mzee Theophil aliiweka juu ya kaunta kama kitu kilichooza. "Viti sita. Hiyo ni teksi."

"Teksi hiyo ndiyo inayotufaa sisi," Nassibu alisema. "Rufiji imefurika, kivuko kimesimama, mama yangu sijamwona tangu Januari. Nimfuate kwa kuogelea?"

Wapagazi wawili waliokuwa wakipita na mkokoteni wa vitunguu walisimama kusikiliza. Mmoja alikuwa upande wa Moshi, mwingine upande wa Lindi, na kabla ya muda mrefu mtaa ulikuwa na mabishano kama ya siku ya mechi Jangwani. Severa alikaa juu ya debe tupu, akawasikiliza wote, akaona raha mpaka mashavu yakamuuma.

Jumanne alikwenda Mrima, ghorofa ya pili mtaa wa Azikiwe. Afisa utumishi, Ndugu Leodegar, alimpokea vizuri, akamletea chai, kisha akatoa kofia kabatini ili wapime saizi. Ilikuwa kofia ya buluu yenye ukingo mweusi unaong'aa. Ilimkaa sawasawa. Severa alijiangalia kwenye kioo cha dirisha, akageuka kulia, akageuka kushoto, akasahau kwamba kuna mtu.

"Inakupendeza," Ndugu Leodegar alisema.

"Nitaruka lini, Ndugu?"

Yule bwana alikoroga chai yake. "Sitakuficha. Mwaka wa kwanza utakuwa ofisini, kwenye mipango ya safari na orodha za abiria. Mbele yako wapo saba. Mwaka wa pili, Mungu akipenda, utakaa kiti cha kulia, rubani msaidizi. Lakini ukishaingia umeingia. Siku moja utaendesha jeti."

Severa alimshukuru. Alimpenda kwa sababu hakumdanganya, na ngazi aliteremka polepole. Mwaka mzima wa kuziangalia ndege dirishani. Lakini kofia ile! Usiku huo alibadilisha mawazo mara nne kabla ya kulala.

Jumatano Mzee Theophil alitangaza kwamba na yeye anakwenda kuiona hiyo kampuni ya viti sita. Alivaa koti lake la kwenda benki. Njia nzima, ndani ya pikapu yake ya Peugeot, kuanzia Buguruni mpaka uwanja wa ndege, alipanga maswali ya kumwaibisha mwenye kampuni.

Hakupata nafasi ya kuuliza hata moja. Chini ya banda la bati walimkuta mtu mfupi mwenye mvi, suruali amekunja, anapakia maboksi yanayolia. Ndani yake mlikuwa na vifaranga mia mbili wa mradi wa kuku wa kijiji cha ujamaa karibu na Kilwa.

"Wewe ndiye Severa," alisema bila kusimama. "Mimi Kapteni Marcelino. Shika boksi. Mzee, shikamoo. Panda mizani."

"Nipande mizani kwa nini?"

"Mganga wa hospitali niliyekuwa nimchukue ameumwa yeye mwenyewe. Kiti kiko wazi. Au unaogopa?"

Neno hilo Mzee Theophil hakuweza kulimeza mbele ya binti yake. Alipanda. Mizani ilisoma kilo tisini na sita, na Kapteni Marcelino akatikisa kichwa: zimezidi tatu. Mzee alivua koti. Bado. Alitoa funguo za duka, shada zima zito kama nyundo, akatoa na viatu. Severa aligeuka upande akajiziba mdomo.

Kwa hiyo Mzee Theophil alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na soksi, amebanwa kati ya vifaranga na sanduku la chanjo. Severa alikaa mbele, kulia kwa Kapteni. Injini iliwaka, vifaranga wakanyamaza, na kutoka nyuma ikasikika Salamu Maria, haraka haraka.

Walipopita mawingu ya kwanza Kapteni Marcelino aliondoa mikono kwenye usukani, akaikunja kifuani. "Haya. Endesha."

Severa alishika. Ndege ilikuwa nyepesi, ilimjibu kila alipofikiria tu. Chini yao Rufiji ilikuwa imetanda, maji ya rangi ya chai ya maziwa, minazi imesimama ndani yake mpaka kiunoni. Alitaka kupiga kelele. Hakupiga, lakini alianza kucheka kimya kimya na mabega yakatikisika, na ndege ikatikisika naye.

"Angalia urefu wako," Kapteni alisema. "Umeshuka futi mia mbili kwa kufurahi."

Alipandisha. "Nisamehe, Kapteni."

"Usiombe msamaha. Rekebisha. Lile wingu la mbele utalifanyaje?"

"Nitalizunguka upande wa bahari."

"Kwa nini bahari?"

Alieleza. Kapteni alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia alipokosea, akamwacha azunguke. Huko Addis Ababa mwalimu wake hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Kilwa walikuta mbuzi katikati ya uwanja. Kapteni alishika usukani mwenyewe, akapita chini kabisa juu yao. Mbuzi walitawanyika, wote isipokuwa beberu mmoja mweusi ambaye alisimama akawatazama.

"Mkanyage!" Mzee Theophil alipiga kelele nyuma. "Hapana, usimkanyage! Pandisha! Pandisha!"

Walipandisha, wakazunguka, wakarudi, na mara ya pili beberu aliondoka taratibu kama mtu aliyemaliza kazi yake. Magurudumu yalipogusa ardhi Mzee Theophil alikuwa anacheka machozi, kifaranga mmoja yuko mfukoni mwa shati lake na mzee hajui amefikaje.

Watu walikuja mbio kutoka kila upande. Muuguzi mmoja, Clotilda, alilipokea sanduku la chanjo kwa mikono miwili, akasema walikuwa wamelingoja siku kumi na mbili. Wanakijiji waliwahesabu vifaranga kwa kuimba. Mzee Theophil, na soksi zake zilizolowa, alikwishapata marafiki watatu na kuahidi kumletea mmoja bawaba za mlango.

Jioni, ndege ilipowarudisha na walipoingia ndani ya pikapu, mzee hakuwasha gari mara moja.

"Chukua hii," alisema. "Hawa wa kusini. Mrima waachie wenyewe."

"Baba! Juzi ulitaka Moshi, na padri."

"Juzi nilikuwa sijaruka." Alifuta miwani. "Lakini kazi ni yako. Nikisema sana nizuie."

"Nilikwishachagua, Baba."

"Lini?"

"Aliponiuliza kwa nini bahari."

Mzee hakuelewa, na Severa alipomweleza hakuelewa zaidi, lakini alipiga honi kwa furaha mpaka Buguruni. Nassibu alipopata habari alisimamisha cherehani, akamkumbatia Severa, akamkumbatia Mangi, akamkumbatia hata mteja aliyekuja kupima kaptura.

Alhamisi Severa alipeleka jibu Mrima kwa mkono wake. Ndugu Leodegar alilisoma, akalikunja. "Ningekuwa na umri wako ningefanya hivyo hivyo," alisema. "Ukifikisha saa elfu moja, mlango unaufahamu." Walipeana mikono. Kofia haikutajwa, ingawa Severa aliitupia jicho kabatini.

Jumatatu alianza kazi. Kapteni Marcelino alimpa ufagio kwanza, afagie ndani ya ndege, kisha akampa orodha. Abiria walikuwa watatu, mwamuzi wa mpira na washika vibendera wake, wanakwenda Mtwara kwenye mechi ambayo ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya barabara. Mwamuzi alikuwa mtu mrefu aitwaye Sadalla, mwenye masharubu na filimbi shingoni.

"Dada," alisema, "rubani ni yule mzee?"

"Yule ni mwalimu wangu, leo anakaa kulia. Rubani ni mimi. Kilo ngapi, Ndugu?"

"Sabini."

"Panda tuone."

Mizani ilisoma themanini na nne. Washika vibendera walipiga mayowe, mmoja akainua kibendera. Sadalla alishuka akijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka na yeye. Severa aliandika themanini na nne, akawafunga mikanda mmoja mmoja, akapanda kiti cha kushoto. Aliomba ruhusa kwenye redio, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. Ruhusa ilikuja. Alisukuma mbele mpini wa injini, uwanja ukaanza kukimbia, na pale magurudumu yalipoachana na ardhi, Sadalla akiwa kiti cha nyuma alipuliza filimbi kwa nguvu zake zote.