Mfarishi wa Zuleika

Fundi Husnah alininyang'anya vishikio vya cherehani tena, mbele ya wageni wangu.

"Leta hapa, Mama Zuleika. Unatoboa nguo bure."

Wageni niliwaleta mwenyewe kutoka kwetu Kyebando: dada yangu Maimunah na jirani yetu Aciro, mke wa polisi. Mimi kujifunza kimya kimya siwezi. Nataka chai, watu, na habari za nani kaachika.

Cherehani ya Husnah pale Ntinda ni kubwa kuliko kitanda changu. Viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini, vyote vimevutwa kwenye vyuma. Unasimama, unashika vishikio viwili, unasukuma kichwa cha cherehani. Ukikimbia, mishono inarefuka, ukisita, inarundikana. Mimi nilikuwa kama mtu wa boda anayejifunza kukata kona.

"Hayo ni maua au viazi?" Aciro akauliza.

"Ni maua ya Kyebando. Nyamaza unywe chai."

Viraka vilikuwa magauni ya marehemu mama yangu. Kwenye ukoo wetu, mfarishi wa bibi harusi hushonwa na mama yake. Kwa sindano ya mkono ingenichukua mwaka, na Zuleika wangu anaolewa Jumapili. Ndiyo maana nikaja kwa Husnah, anifundishe. Anifundishe, nimesema.

Alhamisi tukafika, tukakuta mfarishi umeshaisha. Viazi vyangu vimefumuliwa. Maua mapya yamelingana pembe hadi pembe.

"Nimekusaidia," Husnah akasema, anatabasamu.

"Banange! Kama wa dukani!" Aciro akapiga makofi.

Nikamgeukia Husnah.

"Fumua."

"Nini?"

"Mishono yako. Yote. Kwani anayeolewa ni binti yako?"

"Mama Zuleika, nyabo, harusi ni Jumapili. Ukishona wewe, watu watacheka."

"Wanicheke mimi! Wewe nani kakutuma unionee aibu? Kila siku leta hapa, leta hapa. Ningetaka wa dukani, ningeenda dukani!"

Maimunah alifungua mkoba. Akatoa wembe, akaanza kukata uzi. Aciro naye, aliyepiga makofi, akavuta kiti. Husnah alisimama pale, midomo kaibana, mpaka ua la mwisho likatoka. Kisha akaurudisha mfarishi kwenye vyuma bila kunitazama.

Nikashika vishikio. Nikashona vibaya, kwa hasira, nikipita juu ya gauni la kijani ambalo mama alivaa Idi. Mstari mmoja ukakimbilia pembeni. Mkono wa Husnah ukanyooka.

"Rudisha huo mkono!"

Akaurudisha.

Baadaye sindano ikawa inapanda na kushuka, mshono hauonekani.

"Uzi wa chini umeisha," Husnah akasema. "Badilisha bobini."

"Iko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu tu. Niliitoa mwenyewe, nikatia nyingine, mara ya tatu ndiyo ikakubali. Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga.