Mchuzi wa Mwenye Mafua

Fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Ladha kwa mapishi yake, aliamka na mafua siku ile ile wakwe walipokuja kula. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini angesema nini? Alijikaza kisabuni, akaunga mchuzi kwa kubahatisha, akamwonjesha mkewe.

"Uko sawa," mke alisema, akipenga kamasi.

Mezani, mama mkwe alimaliza sahani, akaongeza. Bwana Ladha akashusha pumzi.

"Mkwe wangu, mimi nakula tu," mama akasema. "Kwa mafua haya, ladha siisikii."

Bwana Ladha akamtazama mkewe, mkewe akatazama meza, akapenga tena.

Ndipo baba mkwe, aliyekuwa nje akiongea na simu, akaingia, mzima wa afya. Akachota kijiko kimoja, akameza, akaomba maji.