Kovu la Bastola ya Babelge

Kolwezi nzima hakuna mama anayejua bastola kunishinda mi. Kusema kweli, nilizijua kwa kufua suruali za marehemu bwana yangu, sajini.

Mujukuu wangu Louise, luteni mupya, fahari ya Kasulo yote, alikuwa achague yake kesho. Shemeji yangu Tharcisse akamukemea: “Chukua ya Babelge, ile ya kutoka Ubelgiji, kama kaka yangu! Mi nilipiga nayo miaka yote jeshini.”

“Ile mupya ndiyo inaenea mukono wangu, tata.”

Mi nikacheka. Nyundo ya ile ya Babelge inarudi nyuma na kumuuma kila mupigaji kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Bwana yangu alizikwa na kovu lake, akijivunia.

“Louise, chukua inayokuenea,” nikasema, nikiugeuza mukono wa Tharcisse, laini kama wa askofu.