Uji Wenye Ndimu

Kabla ya kuchoma sindano ya ganzi, daktari wa meno alimuuliza, "Mzee, kuna dawa yoyote unayotumia? Ya presha, ya moyo, ya kuzuia damu kuganda?"

"Mimi na vidonge tuliachana zamani," alisema Fundi, "na wala hatukumbukani."

Alikuwa seremala, na mtaani walimwita Fundi tu, kana kwamba hakukuwa na fundi mwingine. Daktari alicheka kidogo, akaendelea na kazi. Jino lilitoka bila taabu. Damu ndiyo iliyokataa kukoma.

Daktari alimpa shashi aing'ate. Ikalowa. Akampa nyingine, akaibana mwenyewe kwa kidole, akasubiri. Nayo ikalowa. Hakuonyesha wasiwasi, ila aliacha kuzungumza, na Fundi aliutambua ukimya ule. Ni ukimya wa mtu ambaye msumeno wake umegonga chuma ndani ya ubao.

"Una uhakika, mzee? Hata aspirini?"

Mdomo ulikuwa umejaa shashi. Akatikisa kichwa.

Mkewe alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, na mlango ulikuwa wazi. Aliinuka, akaingia akiwa ameukumbatia mkoba wake. Hakumtazama mumewe.

"Anatumia, daktari. Aspirini na klopidogreli. Huwa namwekea kwenye uji wa asubuhi. Yeye hajui."

Fundi alitaka kusema neno, lakini kidole cha daktari kilikuwa bado kwenye fizi.

"Mama, kwa nini hukusema kabla sijang'oa?"

"Nilidhani jino ni jino tu. Sikujua lina habari na moyo."

Daktari alishona fizi, akaweka dawa, akabana tena mpaka damu ikatulia. Kisha akamwinamia Fundi na kumweleza taratibu kwamba dawa hizo mbili zinazuia damu isigande kwenye mishipa ya moyo iliyosinyaa, na kwamba asizikatishe kwa hasira. "Fizi nimeshona," alisema. "Moyo siwezi kuushona."

Mwaka uliopita kifua kilimbana Fundi akiwa ameketi tu, hajabeba hata kipande cha ubao. Hospitali walimlaza, wakamchoma sindano za tumboni, wakamruhusu na mfuko wa dawa. Vidonge vilimpa kizunguzungu, na zaidi ya hapo vilimfanya ajione mzee. Akavitupa kwenye takataka za randa. Akaanza kutembea asubuhi, akaacha chumvi, na kifua kikatulia. Tangu hapo alikuwa akiwahubiria wateja wake. Kila aliyekuja kuchukua meza aliondoka na meza na mawaidha.

"Dawa yangu ni miguu hii," alizoea kusema, "na uji wa mke wangu. Wenye ndimu."

Kila aliposema hivyo mkewe akiwepo, mkewe aliinamisha macho. Fundi alidhani ni haya.

Wakatoka kwa daktari. Walipofika nyumbani Fundi aliketi mezani na shavu limevimba.

"Ndimu ilikuwa ya kuficha uchungu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na nani alikufundisha?"

"Binti yako." Binti yao alikuwa muuguzi katika mji mwingine. "Aliniambia zipi zinasagika na zipi hazisagiki. Usimlaumu. Nilimlilia mimi."

"Mmekaa mkanihurumia. Mimi nawahubiria watu, ninyi mnasaga."

"Ungekufa."

"Ningekufa najua ninachokula."

Fundi akautazama mkoba. Mwaka mzima mkewe alikuwa akiubeba kila mahali, hata wakienda kutembelea watu wa jirani.

"Na humo mna nini?"

Aliufungua akatoa chupa ndogo ya kahawia, akaiweka mezani. "Hivi ni vya kuweka chini ya ulimi, kifua kikibana. Haviwekwi kwenye uji. Ilibidi niwe karibu."

Fundi aliigeuza ile chupa mkononi. Ya uji angeweza, labda, kuyameza. Lakini baada ya watoto kuondoka, mkewe alikuwa ameanza kuja karakana kila mchana. Anakaa karibu na dirisha, anashona vifungo, anamtania kwamba anapiga randa kama anayembembeleza mtoto. Fundi alikuwa amemtengenezea kiti. Alikuwa ameisugua mikono ya kile kiti kwa msasa mpaka ikalingana na viwiko vya mkewe. Aliamini kwamba uzeeni wamerudi kuwa wachumba.

"Kumbe ulikuwa kwenye zamu," alisema.

"Baba, si hivyo."

"Kesho usije."

Siku zilizofuata alijipikia uji wake mwenyewe, ukaungua, akaula hivyo hivyo. Mkewe aliacha kuficha. Kila asubuhi alipanga vidonge kwenye kisahani, vizima, akakisogeza mbele yake na kuondoka ili asionekane anamsimamia. Kila asubuhi Fundi alikirudisha kisahani kilipotoka.

Kisha mchana mmoja kifua kilimbana tena, akiwa ameketi ananoa patasi. Kilianza kama mkono unaomsukuma katikati, kisha uzito ukapanda hadi kwenye taya, na jasho baridi likamtoka. Patasi ikaanguka. Kinyozi, rafiki yake wa miaka mingi aliyekuwa na kibanda mlango wa pili, aliisikia ikianguka, akaja na mashine ya kunyolea mkononi. Alipomwona tu, aligeuka akakimbia, akarudi na chupa ndogo ya kahawia.

"Kaa vizuri. Inua ulimi. Usimeze."

Kidonge kilimwasha chini ya ulimi, kichwa kikagonga, na polepole ule mkono ukaanza kulegea. Nje mteja mwenye nusu kichwa kilichonyolewa alikuwa akichungulia.

"Na wewe?" aliuliza Fundi alipoweza.

"Shemeji aliniachia siku ile ulipomkataza kuja." Kinyozi alikwepa macho yake. "Na ya uji nilijua tangu mwanzo. Mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa nikizifuata dawa famasi."

"Na ulikuwa ukikaa hapo unanisifu. 'Fundi chuma, Fundi simba.'"

"Ungependa nikuite nani, Fundi paka? Twende hospitali, utanitukana njiani."

Hospitali walimlaza tena. Alipotoka, alizipokea dawa mwenyewe dirishani na kuuliza kila moja ni ya nini: hii ya damu, hii ya mafuta, hii ya kuupunguzia moyo mbio. Nyumbani alizimeza mbele ya mkewe, nzima nzima, kwa maji. Ile chupa ya kahawia aliitia kwenye mfuko wa shati lake.

"Sasa ninayo mwenyewe," alisema.

"Vizuri."

"Kwa hiyo huna kazi tena kule."

Mkewe alikiosha kisahani, akakifuta, akakifuta tena. "Naweza kuja bila kazi?"

Fundi alivaa viatu, akatoka kwenda karakana.

Mchana alikuja. Hakuwa na mkoba, mikono ilikuwa mitupu, na alionekana hajui aiweke wapi. Aliketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaegemeza viwiko pale palipotengenezwa kwa ajili yake.

"Bado unabembeleza mtoto," alisema.

Fundi alitamani kucheka. Ulikuwa utani ule ule, kwa sauti ile ile. Aliendelea kupiga randa. Kisha akayainua macho, akatazama mifuko ya gauni la mkewe kuona kama kuna umbo la chupa humo, akajichukia kwa kutazama, na kabla ubao haujaisha akatazama tena.