Mume wa Fernanda

Kwa mwaka mzima na ushei Nélia hakujua amwombe Mungu nini. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha ushonaji pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, alipiga magoti kando ya kitanda. Aliwaombea wazazi wake marehemu, akaiombea nchi amani, akamwombea hata jirani yake Zuleica aliyekuwa akisumbuliwa na mgongo. Lakini akifika kwa Hermínio, maneno yalimkauka. Maana kumwomba Mungu ampe Hermínio ilikuwa sawasawa na kumwomba kwamba Fernanda awe amekufa. Na Fernanda hakuwa amemkosea kitu. Hata sura yake hakuijua.

Hermínio alikuwa seremala, Mmakonde wa Mueda kama Nélia mwenyewe, mtu wa maneno machache. Alishuka Palma wakati watu waliporudi baada ya vita na kukuta nyumba hazina milango wala madirisha. Kabla ya hapo alikuwa akiishi Awasse na mkewe wa ndoa ya kanisani. Mwaka wa elfu mbili na ishirini, siku aliyokwenda Mueda kutafuta mbao, wenye bunduki waliingia Awasse. Barabara ilipofunguka akarudi, akakuta jivu. Waliouawa walizikwa, na Fernanda hakuwemo. Jirani mmoja alisema alimwona akiswagwa pamoja na wanawake wengine kuelekea porini. Tangu hapo, kimya.

Haya yote Hermínio aliyasema mwenyewe, mapema kabisa. Alikuwa amekuja kupigilia mlango wa kibanda cha Nélia, na kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimtafutia mwenzake sababu ya kuongea. Siku ya tatu aliweka nyundo chini, akamwita "mana", yaani dada, kama waitanavyo kule.

"Mana Nélia, kabla hatujafika mbali, ujue mimi nina mke. Sijui kama yu hai."

Nélia wakati huo alikuwa na miaka thelathini na miwili, hajaolewa, na alikuwa amekwisha kuzoea kuulizwa kwa nini. Akamshukuru kwa kusema kweli. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, akasimama huko kitambo.

Walikwenda kwa Padre Cosme, aliyefika Palma mara moja kwa mwezi kusoma misa. Padre aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kufungisha ndoa juu ya ndoa," alisema. "Kifo chake hakuna anayekijua."

"Tungoje mpaka lini, Padre?" Hermínio aliuliza.

"Sijui, wanangu. Ningekuwa najua ningewaambia."

Basi wakangoja. Walikubaliana kwamba hakuna atakayeingia nyumbani kwa mwenziwe. Hermínio alikuwa akipita saa nne asubuhi akiwa na mfuko wa zana begani, akikaa kwenye benchi nje ya kibanda, akinywa chai, na Zuleica yupo hapohapo na cherehani yake. Halafu anakwenda zake. Nélia aliishi kwa hiyo saa nne. Alijua kikohozi chake kutoka kwenye kona ya msikiti. Siku moja alimshonea shati bila kumpima, kwa kuwa hakutaka kuuzungusha utepe kifuani pake. Alikata kwa macho tu. Hermínio alipolivaa likamkaa kama kazaliwa nalo, na Nélia akaona haya kana kwamba amefumaniwa.

Zuleica aliangua kicheko. Hermínio alipoondoka alisema, "Kwetu Waislamu angekuoa wa pili, yakaisha. Nyinyi Mungu wenu kawabana kwelikweli."

"Mungu ni huyohuyo, dada. Ila sisi ndivyo tulivyoahidi."

Alisema hivyo mchana. Asubuhi yake, magotini, hakuwa amepata hata sentensi moja.

Mwezi wa tatu mwaka huu Hermínio alikuja kibandani kabla ya saa yake, bila mfuko. Binamu yake aliyekuwa Mocímboa da Praia alikuwa amempigia simu. Kuna wanawake wametoka porini, na mmoja anajiita Fernanda wa Awasse, mke wa seremala.

"Mafernanda ni wengi," alisema, lakini hakukaa kwenye benchi. "Inabidi niende. Kesho yanaondoka magari na wanajeshi wa kuyasindikiza."

Nélia alifungua kabati, akatoa kapulana mbili mpya, vile vitenge vya kujifunga kiunoni, blauzi aliyokuwa amemshonea mteja asiyerudi kuichukua, na nguo za ndani. Akavikunja, akavifunga.

"Wanaotoka huko hawana kitu," alisema. "Mpelekee."

"Na kama siye?"

"Atakuwa Fernanda wa mtu mwingine. Mpe vilevile."

Asubuhi ya safari Nélia alipiga magoti, na safari hii maneno yakatoka yenyewe. "Bwana, unajua ninachokitaka, sina cha kukuficha. Namtaka yule mwanamume. Nataka nimpikie, nizeeke naye. Lakini yule mwanamke, kama yu hai, mtoe kule. Mtoe kabisa." Alipokwisha alilia mpaka shuka ikalowa. Amani ambayo watu husema hushuka papo hapo, kwake haikushuka. Alinawa uso akaenda kazini.

Zikapita siku tatu. Siku ya nne, jua likiwa utosini, simu ikalia. Zuleica aliondoa mguu kwenye pedali ili kupunguza kelele.

"Ni yeye," alisema Hermínio.

Nélia aliketi. "Ashukuriwe Mungu," alisema, na alimaanisha, na ilimuuma kama kuchomwa sindano chini ya ukucha.

"Amekonda. Hasemi sana. Ana mtoto wa kike wa miaka mitatu." Nélia, bila kutaka, akahesabu miaka. "Ameniuliza kama nimeoa. Nikamwambia sijaoa. Akalia sana. Nélia, mimi sijui nifanyeje. Niambie wewe. Utakalosema nitalifuata."

Hapo ndipo Nélia aliona jinsi jambo lilivyo jepesi. Angesema tu kwamba mtoto si wake, kwamba miaka mitano ni mingi, kwamba hakuna mtu wa kumlaumu. Maneno hayo hayakutoka mbali, yalikuwa yamekwisha kufika mdomoni, na sauti ya Hermínio ilikuwa inayangojea. Alifumba macho. Alimfikiria mwanamke yule ambaye swali lake la kwanza, baada ya yote aliyoyapitia, lilikuwa kama bado ana mume.

"Hakukuacha, Hermínio," alisema. "Alichukuliwa. Mrudishe nyumbani. Na mtoto mpe jina lako, asikue anaulizwa."

"Na wewe je?"

"Mimi nina Mungu." Mara ile ile aliona kwamba maneno hayo yamemzidi kimo. Akaongeza, kwa sauti ndogo, "Nitajifunza."

Baada ya mwezi mmoja Hermínio alikuja Palma kuchukua zana zake. Alikuwa anahamia Mueda na familia yake, nyumbani kwa mama yake. Alisimama nje ya kibanda, hakukaa kwenye benchi.

"Mana Nélia, nilikukosea?"

"Hapana. Tulingoja vizuri."

Alimpa mkono. Katika muda wote ule hawakuwahi kushikana mikono zaidi ya ile ya amani kanisani, na huu nao haukuwa mrefu. Nélia alimtazama mpaka akapinda kwenye kona, na hata baada ya hapo aliendelea kutazama.

Siwezi kukuambia kwamba alisahau. Wiki nyingi ikifika saa nne alikuwa akikosea mshono. Kwenye misa, upande wa wanaume, macho yake yalikwenda yenyewe mahali alipozoea kukaa Hermínio, akayarudisha. Watu wa kwao walipoanza tena kumtajia mwanamume fulani mjane, mfanyakazi wa mradi wa gesi kule Afungi, aliwaambia wamwache apumzike.

Asubuhi moja Zuleica alishindwa kuvumilia. "Dada yangu, usinikasirikie. Hivi ndivyo Mungu wako alivyokujibu, baada ya kumngoja vile?"

Nélia alikuwa anatunga uzi. Aliutunga mpaka ukapita.

"Nilimwomba amtoe Fernanda porini," alisema, "akamtoa. Sasa nitasemaje kwamba hakunisikia?"

"Na lile lako?"

"Lile bado naliomba. Kila siku. Ila sasa nimeacha kumtajia jina la mtu."

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Zuleica alivuta kiti chake karibu, akamwegemezea bega, wakakaa hivyo mpaka mteja wa kwanza alipotokea na kitambaa chake mkononi.